Tumeimba "ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili". Sasa mwenye vyote viwili aende wapi?

#1 Dada_Mkubwa

Habari zenu wana jukwaa. Uzi wangu mrefu kidogo, nivumilieni.

Mdogo wangu ana miaka 26, ana sindromu ya Down. Nyumbani tulilelewa na jibu moja la kuwapa watu: ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mwenye ulemavu amekua nao, anachelewa kuelewa, anahitaji msaada. Mwenye ugonjwa alikuwa mzima akaugua. Sentensi hiyo nimeisema maisha yangu yote, na ni ya kweli. Ila sikuwahi kujiuliza kama mtu mmoja anaweza kubeba vyote viwili.

Miezi mitano sasa mdogo wangu amebadilika. Yeye ndiye alikuwa mkunja taulo wa nyumba nzima: pembe kwa pembe, anaipiga kiganja ilale, anapanga kwa rangi, na ukivuruga anakugombeza mpaka urudishe. Siku hizi taulo zinalala kwenye beseni siku tatu. Maneno yamepungua. Kuoga mpaka asukumwe. Ikifika saa kumi jioni anabeba kigoda chake, anakaa kuelekea mlango hadi giza liingie. Usiku namsikia chumbani akinong'ona na mtu ambaye hayupo.

Daktari wa kwanza alimtazama usoni, akanigeukia mimi: "Hawa ndivyo walivyo." Dakika nne tukawa nje. Mwenyewe hakuulizwa hata jina.

Waliopitia haya, hii ni nini? Sonona? Saikosisi, ile ya kusikia na kuona yasiyokuwepo? Au kweli ndivyo walivyo?

#2 Kipanga77

Pole sana dada. Nijuavyo mimi hawa watu hawapati sonona, kwa sababu sonona inataka mtu ayafikirie maisha yake, alinganishe jana na leo. Labda ni umri tu.

#3 MwalimuMaalumu

@Kipanga77 hapana, mkuu. Nimefundisha watoto wenye ulemavu wa akili miaka 19. Wanahuzunika, wanaogopa, wanavunjika moyo, wanajua wanapochekwa. Kinachowapungukia ni maneno ya kulisema hilo. Wewe ukiwa na sonona utasema "sioni maana ya kuamka". Yeye ataacha kuamka.

Dada, mtoto ambaye hana maneno ya "nina huzuni" utamwona ananuna, anapiga, anajing'ata mkono, anapungua uzito, au anapoteza kitu alichokuwa anakiweza. Taulo zile ni taarifa tosha.

#4 Tabibu_Akili

Salamu. Mimi ni daktari, fani yangu ndiyo hii. Simtibu mtu kwa mtandao, lakini hilo la "ndivyo walivyo" nilisemee, maana lina historia.

Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake wa Marekani waliwapa wataalamu maelezo ya mgonjwa yanayofanana, wengine wakaambiwa mgonjwa ana ulemavu wa akili, wengine wakaambiwa hana. Dalili zilezile. Walioambiwa ana ulemavu walielekea kuliona tatizo la kihisia kuwa dogo au kutoliona kabisa. Ulemavu unakuwa kama mti mkubwa, kila kinachoota chini yake hakipati jua. Zaidi ya miaka 40 imepita na kivuli bado kipo.

Kanuni yangu ni fupi: ulemavu wa akili haubadiliki ndani ya miezi mitano. Kama mtu amebadilika, kuna kitu kingine. Neno "alikuwa" ndilo la kumwambia daktari wa pili. Alikuwa anakunja, sasa hakunji. Alikuwa anaoga mwenyewe, sasa haogi.

#5 BabaMapacha

Dada usikubali dawa haraka. Nasema kwa uchungu.

Mwanangu mmoja alikuwa anajipiga kichwa. Akapewa dawa ya saikosisi, bila saikosisi yoyote. Wiki ya pili akaanza kutembea, kutoka ukutani hadi ukutani, hawezi kukaa hata kula. Tukarudi, wakasema ugonjwa umepanda, wakaongeza dozi. Akazidi kutembea. Miezi minane. Mpaka daktari mwingine akasema huko kutotulia kunaletwa na dawa yenyewe. Ilipopunguzwa polepole, siku moja akaketi kitini akala mpaka akamaliza. Mke wangu akaenda kulia jikoni.

#6 Hekaheka

Lakini tuwe wakweli, dawa hizo zinatuliza ukorofi. Nimeona kwa macho yangu.

#7 Tabibu_Akili

@Hekaheka umeona, na wengi wameona, ndiyo maana ikapimwa. Utafiti wa Peter Tyrer na wenzake, jarida la tiba la Lancet, 2008: watu 86 wenye ulemavu wa akili na tabia ya ukali, bila saikosisi. Kundi moja lilipewa risperidone, la pili haloperidol (zote mbili dawa za saikosisi), la tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Ukali ulipungua katika makundi yote matatu, na uliopungua zaidi ni wa kundi la vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo ulichoona huenda kilikuwa cha kweli: mtu alitulia. Ila inawezekana alitulizwa na kule kuangaliwa, kutembelewa na kuulizwa hali, dawa ikachukua sifa.

England nako, mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ilikadiria kwamba kila siku watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wameandikiwa dawa za akili bila ugonjwa unaostahili dawa hizo. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampeni ya kuzipunguza.

#8 NesiUsiku

Anayesoma hapo juu na ana dawa ndani, tafadhali usizikate leo kwa sababu ya uzi. Hushushwa kidogo kidogo, daktari akijua. Nimepokea usiku watu waliokatishwa ghafla, na siombi uone.

Dada_Mkubwa, maswali ya nesi: Anakoroma? Anapata choo? Anatafuna pande zote mbili? Masikio yaliangaliwa lini? Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ilipimwa lini?

#9 Dada_Mkubwa

Asanteni. @NesiUsiku anakoroma ndiyo, tangu zamani. Choo kipo. Masikio sijui. Tezi, mara ya mwisho alikuwa na miaka 19 au 20. Kutafuna sijawahi kuangalia, nitaangalia leo.

#10 MamaYusra

Dada, tezi! Kwa wenye Down tezi hiyo hulegea mara nyingi kuliko kwa watu wengine, ndiyo maana hushauriwa ipimwe mara kwa mara maisha yote. Ikilegea mtu anakuwa mzito, mvivu, mwenye baridi, ngozi kavu, hana hamu. Ukimwona utasema sonona. Dada yangu alitibiwa sonona mwaka mzima, kumbe ni tezi. Kidonge kimoja asubuhi na tukampata tena.

#11 Tabibu_Akili

Nakubaliana na mama. Tezi kwanza, ni damu kidogo tu.

#12 Nyota_ya_Jioni

Samahani, mbona hakuna anayesema usahaulifu wa uzeeni? Wenye Down huupata mapema. Nilisoma Lejeune aliyeigundua Down mwaka 1959 alieleza.

#13 Msomaji_Kimya

@Nyota_ya_Jioni marekebisho madogo. Aliyeieleza hali yenyewe ni daktari Mwingereza John Langdon Down, 1866. Lejeune na wenzake 1959 walionyesha sababu yake, kromosomu ya 21 ya ziada.

Na hapo ndipo hoja yako ina mashiko. Kromosomu hiyo ya 21 ndiyo inayobeba jeni ya protini ambayo vipande vyake hujikusanya katika ubongo wa mwenye Alzheimer, ndio huo usahaulifu unaousema. Mwenye nakala tatu anatengeneza nyingi zaidi maisha yake yote. Kwa hiyo wengi wao huupata ugonjwa huo, lakini dalili kwa kawaida huanza kuonekana miaka ya arobaini na hamsini. Kijana wa miaka 26 ningetafuta kwingine kabla ya hapo.

#14 NesiUsiku

Kuna lingine la vijana wenye Down: wapo wachache ambao kati ya utineja na ujana hurudi nyuma kwa wiki au miezi tu. Wanaacha kuongea, wanaganda mkao mmoja, hawalali. Bado wataalamu wanabishana chanzo, wengine wanasema kinga ya mwili inashambulia ubongo, wengine wanasema msongo. Ila lina matibabu, kwa hiyo litajwe kwa daktari. Na huko kukoroma usipuuze. Wengi wenye Down hukatika pumzi usingizini, na mtu asiyelala miezi atakuwa kama mwenye sonona hata kama hana.

#15 Kipanga77

Basi mpaka sasa tuna sonona, tezi, usingizi, kurudi nyuma, Alzheimer na dawa. Dada amekuja na swali moja ataondoka na sita. Na mimi #2 niliteleza, nimeelewa mwalimu.

#16 MwalimuMaalumu

Umeungama vizuri mkuu, nakupa alama zote.

Dada, mimi narudi kwenye kigoda. Kwa nini saa kumi? Kwa nini mlangoni? Mtu mwenye tezi dhaifu hachagui saa. Nani alikuwa anaingia kwa mlango huo saa kumi?

#17 Kaka_wa_Pacha

Natofautiana kidogo na mwalimu, na siandiki haya kwa ubishi.

Pacha wangu alizaliwa amepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22. Ulemavu wake wa akili ni mdogo, anasoma, anapika. Akiwa na miaka 21 akaanza kuziba madirisha kwa karatasi. Kila mtaalamu wa tabia tuliyemwona alitupa sababu: anatafuta uangalizi, amehamishwa chumba, ana hasira nawe umeoa. Miaka mitatu tunatafuta tabia ile ina ujumbe gani. Kumbe alikuwa anasikia sauti zikimwambia kuna watu nje. Wenye hali yake karibu mmoja kati ya wanne hupata skizofrenia, na hakuna aliyetuambia. Dawa zilezile BabaMapacha anazolia nazo, kwa pacha wangu ndizo zilizoondoa karatasi madirishani.

Kwa hiyo ninaposoma "kila tabia ni ujumbe" nashtuka. Wakati mwingine ni ugonjwa, na mtu anaungua ndani nasi tunatafsiri.

#18 BabaMapacha

Kaka, nimesoma mara mbili. Sina la kubishana. Mwanangu alipewa asiyohitaji, pacha wako akanyimwa aliyohitaji, na wote wawili hakuna aliyewaangalia sawasawa.

#19 Hekaheka

Ni asilimia ngapi ya watu wenye ulemavu wa akili wana ugonjwa wa akili? Niliwahi kuona 40.

#20 Msomaji_Kimya

Hiyo 40 ina kisa chake. Glasgow, utafiti wa Sally-Ann Cooper na wenzake uliotoka 2007, watu wazima 1,023. Kwa uamuzi wa madaktari waliowachunguza, asilimia 40.9 walikuwa na tatizo la afya ya akili. Watu walewale wakipimwa kwa mwongozo wa Kimarekani wa kutambua magonjwa ya akili uliokuwa ukitumika wakati huo, DSM-IV, inashuka hadi 15.7.

Watu hawakubadilika, kilichobadilika ni kipimo. Miongozo ya kawaida inataka mgonjwa ajieleze: najiona sina thamani, nafikiria kifo, nasikia sauti. Asiye na maneno hayo anaanguka nje ya chekeche. Ndiyo maana Uingereza walitoa mwongozo maalumu 2001, na Marekani wakatoa wao 2007. Ila hiyo 40.9 nayo inahesabu tabia sumbufu kama tatizo la afya ya akili, na wapo wasiokubali.

#21 Tabibu_Akili

Mimi mmojawapo. Ukiziondoa unabaki na kiasi cha robo hivi, ambacho bado ni kikubwa.

#22 Sauti_Yangu

Naitwa Sauti Yangu hapa. Nina ulemavu wa akili. Mdogo. Naandika polepole, rafiki ananisaidia herufi.

Nilikuwa na sonona. Kwa daktari mama alikaa kiti cha mbele. Mimi kiti cha nyuma. Daktari aliuliza mama, analala? Mama alisema ndiyo. Mimi silali. Nalala macho wazi ili mama asichoke.

Baadaye kulikuwa na daktari mwingine. Alitoa picha. Uso wa furaha, uso wa huzuni, uso wa hofu. Alisema chagua, sina haraka. Nilichagua mbili. Alisubiri sana. Hakuna aliyewahi kunisubiri vile.

Muulizeni mdogo wako.

#23 Dada_Mkubwa

@Sauti_Yangu nimekaa na hii toka asubuhi. Asante. Nilileta uzi mzima bila kumuuliza.

#24 MwalimuMaalumu

Sauti Yangu, ujumbe wako umepita wote tuliotangulia.

Dada, ukimuuliza usimwulize "una huzuni?" Wengi watajibu ndiyo kwa kila swali ili kukufurahisha, au watarudia neno la mwisho ulilosema. Uliza "una huzuni au una furaha?", kisha ugeuze, "una furaha au una huzuni?" Akijibu la mwisho mara zote mbili, jibu hilo usilihesabu, tumia picha.

#25 Nyota_ya_Jioni

Na ule mnong'ono wa usiku? Hakuna aliyegusa, na mimi ndio ulionitisha.

#26 MamaYusra

Dada yangu ananong'ona hadi leo, ana miaka 41. Anairudia siku yake: amenigombeza, nimemjibu, ameomba msamaha. Watu wengi wenye Down huongea peke yao, na kwao ni njia ya kupanga mawazo. Daktari mmoja alitaka kumwita wa saikosisi kwa hilo tu.

#27 Kaka_wa_Pacha

Sawa mama, lakini pacha wangu naye tuliambiwa "anajiongelesha tu". Cha kuangalia ni kama kuna mabadiliko. Zamani alinong'ona nini, kwa sauti gani? Sasa je? Anaogopa anaponong'ona? Anaziba masikio? Ananyamaza ghafla kama anayesikiliza?

#28 Dada_Mkubwa

Haogopi. Nilisimama nje ya mlango jana (nilimwambia leo asubuhi kwamba nilisikiliza, akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki). Anasema majina. Anarudia "Baadaye, kaka. Baadaye, kaka."

Mwalimu, saa kumi nimeipata na najisikia vibaya kwamba nimechelewa. Kituo anachokwenda mchana kulikuwa na kijana aliyekuwa anamrudisha nyumbani, miaka minne, saa kumi kila siku. Mlangoni walikuwa wanagongana viganja na kijana anasema, "Baadaye, kaka." Aliacha kazi miezi mitano iliyopita. Wakaleta mwingine. Hakuna aliyemwambia mdogo wangu, kituo hawakusema, na mimi niliona sura mpya nikasaini daftari nikafunga mlango.

#29 MwalimuMaalumu

Basi ni msiba, dada. Kwake mtu alitoweka bila kuaga.

#30 Kipanga77

Hapo sasa. Na si kila huzuni ni ugonjwa, tusije tukampa sonona mtu anayesubiri rafiki.

#31 Tabibu_Akili

Kipanga, huzuni inayomwondolea mtu kuoga, maneno na kazi yake kwa miezi mitano mimi naiita sonona, hata nikijua imeanzia wapi. Kujua chanzo hakuondoi ugonjwa. Na kigoda hakifuti tezi. Mtu mmoja anaweza kumkosa rafiki, kulala vibaya na kuwa na tezi dhaifu kwa wakati mmoja, na kila kimoja kikazidisha kingine.

#32 Hekaheka

Kama ni sonona atatibiwaje bila dawa? Mazungumzo na mtu asiyeongea?

#33 Msomaji_Kimya

Yanawezekana yakirekebishwa. Uingereza, 2017, Andrew Jahoda na wenzake waliwafuatilia watu wazima 161 wenye ulemavu wa akili na sonona. Kundi moja lilirudishwa hatua kwa hatua kwenye shughuli zenye maana kwao, kundi jingine lilisoma vijitabu vyepesi na msaidizi. Kila mgonjwa alikuja na mtu wake wa karibu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, hakuna lililolishinda jingine.

#34 Tabibu_Akili

Kwa haki, halikuwepo kundi lisilopewa chochote, kwa hiyo hatujui nafuu ilitokana na mbinu au na muda na kusikilizwa. Lakini waliendelea kuja, hilo lenyewe limewajibu wanaosema hawawezi.

#35 Dada_Mkubwa

Narudi baada ya wiki mbili, nilisema nitaleta mrejesho.

Daktari wa pili alimuuliza yeye kwanza. Alichagua uso wa huzuni, kisha akaweka kidole kwenye shavu la kulia la ile picha na kukibakiza hapo. Daktari akamfungua mdomo: gego la kulia limeoza hadi kwenye fizi. Kumbe amekuwa anatafunia kushoto, @NesiUsiku ulisema. Litang'olewa wiki ijayo. Kipimo cha tezi kiko juu kidogo ya mpaka, kinarudiwa. Masikio yote mawili yalikuwa yamejaa nta. Kipimo cha usingizi tunasubiri zamu. Dawa ya akili hajaandikiwa, amesema tukutane tena.

Yule kijana nilimtafuta. Alituma picha yake na sauti fupi. Mdogo wangu alisikiliza mara kumi na moja, nilihesabu. Akauliza, "Anakuja?" Nikamwambia kweli: haji, ana kazi nyingine, anakupenda. Akaenda chumbani. Kesho yake saa kumi alibeba kigoda kama kawaida.

Jana pia alikaa mlangoni. Ila alikuwa na taulo moja mapajani. Hakuikunja. Aliishika tu pembe mbili.

#36 MamaYusra

Nalia hapa. Mimi bado nasema tezi, usiache kurudia kipimo.

#37 Kipanga77

Miezi mitano na jino bovu, nani asingenuna? Mimi nimehamia kwenye gego.

#38 MwalimuMaalumu

Mimi sihami kwenye kigoda.

#39 NesiUsiku

Dada, chukua daftari. Andika tarehe, saa, "taulo moja, pembe mbili". Utalihitaji mkirudi kwa daktari.